Hesabu ya Kinda Aliyeachwa Kiotani

Mtu anayetaka kuthibitisha kwamba kulea ndege wa porini kwa mkono ni kutwanga maji kinuni hana haja ya kwenda mbali, kwa maana walezi na watafiti wenyewe wamekwisha kumwandalia ushahidi. Mwaka 2006 kituo cha SANCCOB, shirika la Afrika Kusini linalookoa ndege wa baharini, kilichopo Table View katika jiji la Cape Town, kilipokea makinda 841 wa pengwini wa Afrika walioachwa viotani na wazazi wao, na mwaka uliofuata kikapokea wengine 481. Asilimia 91 ya wale wa kwanza na asilimia 73 ya wale wa pili walirudishwa baharini. Watafiti wakaendelea kuwafuatilia, na hadi Desemba 2012 walikuwa wamewaona 12 tu kati yao wakizaa. Makinda 1,322 waliingia kituoni, na ndege 12 ndio walioonekana kuwa wazazi. Namba hizo zilichapishwa mwaka 2014 bila kufichwa, na waliozichapisha walimalizia kwa kupendekeza kwamba ulezi huo uendelee.

Kwa msomaji wa haraka pendekezo hilo ni kichekesho. Mimi naona kwamba kichekesho kiko katika usomaji wa haraka, ingawa wanaopinga ulezi wana hoja nzito ambazo haziwezi kufutwa kwa huruma peke yake.

Kwanza lazima tuelewe kinda huyu ameachwaje. Pengwini hubadili manyoya yake yote kwa mkupuo mmoja kila mwaka, na kwa muda wa wiki tatu hivi hawezi kuingia majini, kwa sababu manyoya ya zamani yanadondoka kabla mapya hayajaweza kuzuia maji. Katika muda huo hali chochote, bali anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Katika mwaka wenye samaki wa kutosha makinda huwa wamekwisha kuondoka kiotani kabla ya kipindi hicho. Sadini na anchovi wakiadimika, mayai hutagwa kwa kuchelewa, makinda hukua polepole, na siku ya kubadili manyoya haimsubiri mtu. Mzazi husimama ufukweni, pengine hatua chache kutoka kiotani, akiwa na njaa yake mwenyewe, huku kinda akilia mpaka anyamaze. Tunasema "ametelekezwa", neno ambalo katika lugha yetu linabeba lawama ya baba aliyekimbia nyumba yake. Kwa ndege huyu neno hilo ni la uonevu.

Wanaopinga wana hoja ambayo wanabiolojia wanaiheshimu. Ndege wa baharini huishi miaka mingi na huzaa makinda wachache kwa mwaka, kwa hiyo hatima ya jamii yao hutegemea zaidi uhai wa wakubwa kuliko idadi ya wadogo. Mtu mzima mmoja aliyenusurika ana thamani kuliko makinda kadhaa, kwa sababu wengi wa makinda hao wangekufa kabla ya kuzaa hata wangelelewa na wazazi wao. Fedha inayonunua samaki, dawa na umeme wa kituo ingeweza kulipia ulinzi wa bahari, unaowafaa wakubwa na wadogo kwa pamoja. Jambo la pili ni maradhi. Kituo hukusanya mamia ya ndege dhaifu mahali pamoja, na walezi wa Cape Town wamelazimika kupambana na malaria ya ndege inayoletwa na mbu, homa ya mapafu, na vidonda vya nyayo vinavyotokana na kusimama kwenye sakafu ngumu. Ndege anayeachiliwa na ugonjwa usioonekana anaweza kuupeleka kwa wenzake waliokuwa salama.

Jambo la tatu linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa kuwa kwetu neno "ulezi" limewahi kuficha wizi. Makinda wa korongo taji, ambaye Wanyarwanda humwita umusambi, walichukuliwa kwenye vinamasi wakakatwa mbawa na kuwekwa katika bustani za hoteli na nyumba za wenye uwezo, wakilishwa na kusifiwa mpaka siku ya kufa kwao bila kuzaa. Daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na shirika lake walifanya kazi ya miaka kadhaa kuwatoa humo, wakawaandaa wale wenye afya kurudi porini katika Hifadhi ya Akagera, na wale ambao mbawa zao zilikuwa zimeharibiwa kabisa wakatengewa mahali pao jijini Kigali. Mwenye bustani naye angekuambia kwamba alikuwa akimtunza ndege. Kwa hiyo anayeogopa kwamba kumsifia mlezi wa makinda ni kumfungulia mlango kila mwenye kapu haogopi kivuli.

Naongeza mfano mmoja unaowapa wapinzani ushindi, au karibu ya ushindi. Mwezi Januari 2019 maji ya bwawa la Kamfers, karibu na mji wa Kimberley, yalikauka, na makinda wa heroe mdogo wapatao 2,000 wakakusanywa na kusambazwa katika vituo mbalimbali vya Afrika Kusini. Ilikuwa kazi ya kusifika. Lakini heroe huyo ndiye yule yule anayezaliana kwa wingi mkubwa katika Ziwa Natron, na idadi yake Afrika Mashariki peke yake huhesabiwa kwa mamilioni. Kwa jamii ya ukubwa huo, makinda 2,000 ni tone, hata kama kwa ukanda wa kusini, wenye mahali pachache mno pa kuzalia heroe, tone hilo lilikuwa na maana yake.

Pengwini wa Afrika hana mamilioni. Huzaliana Namibia na Afrika Kusini tu. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja, kisha watu wakachota samadi iliyotokana na kinyesi cha ndege, ambamo pengwini hawa walichimba viota vyao, wakakusanya mayai yao kwa ajili ya meza za watu hadi miaka ya 1960, na baadaye wakashindana nao kwa samaki. Oktoba 2024, zikiwa zimebaki jozi zisizofika 10,000, alitangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, wa kwanza katika jamii yote ya pengwini duniani kufikia daraja hilo. Kanuni isemayo kwamba kinda mmoja hana uzito iliandikwa kwa ajili ya jamii yenye akiba, na hapa akiba imekwisha kuliwa.

Sasa turudi kwenye ile namba 12, kwa sababu ndiyo inayopotosha watu wengi. Ndege 12 walioonekana wakizaa hawana maana ya ndege 12 waliozaa. Pengwini huingia na kutoka kiotani alfajiri na jioni, hujificha chini ya vichaka na mashimoni, na nusu ya wale 12 walizaa mahali pengine kabisa, si katika makazi walikotolewa wakiwa makinda. Mtafiti anayemngojea mahali pamoja humkosa aliyehamia pengine. Kwa sababu hiyo wataalamu hawakukisimamisha kisa juu ya 12, bali walikokotoa kiwango cha kunusurika kwa kuzingatia uwezekano wa ndege kuwa hai bila kuonekana. Matokeo yao yalikuwa kwamba kati ya makinda 100 walioachiliwa, 32 hivi hufika mwisho wa mwaka wa kwanza, na baada ya hapo kati ya kila ndege 100, 76 huvuka mwaka mmoja kwenda mwingine.

Thelathini na mbili kati ya mia ni namba inayosikitisha ukiisikia peke yake. Mtu husema: thuluthi mbili wamekufa, basi walezi wameshindwa. Lakini utafiti ule ule ulionyesha kwamba makinda waliolelewa na wazazi wao katika miaka ya karibuni wana kiwango kinachokaribiana na hicho. Mlezi wa Table View, mwenye glavu, mrija wa kulishia na uji wa samaki waliosagwa, amemfikisha kinda mahali pale pale ambapo mama yake angemfikisha. Sidhani kwamba kuna mlezi wa kiumbe chochote anayeweza kudaiwa zaidi ya hapo. Nimejaribu kupiga hesabu yangu mwenyewe, isiyo ya kitaalamu: walioachiliwa katika miaka hiyo miwili ni 1,116 hivi, ukichukua 32 kwa 100 katika mwaka wa kwanza, kisha 76 kwa 100 kwa miaka mitatu zaidi, unabaki na ndege kama 157 wenye umri wa miaka minne, ambao ndio umri wa kuanza kuzaa. Hesabu ya wale ambao wangeachwa kiotani haihitaji penseli, kwa kuwa ni sifuri.

Kuna jambo lingine ndani ya namba hizo, nalo ndilo linalonikera zaidi kila ninaposikia zikitumiwa dhidi ya walezi. Makinda hao waliachiliwa katika bahari ya aina gani? Utafiti uliochapishwa Desemba 2025 ulikadiria kwamba kati ya mwaka 2004 na 2011 pengwini wazima wapatao 62,000 walipotea katika visiwa viwili tu, Dassen na Robben, wakati sadini wa pwani ya magharibi walipokuwa wameshuka chini ya robo ya kiwango chao cha juu. Makinda wa 2006 na 2007 walitupwa katikati ya njaa hiyo. Kumlaumu mlezi kwa vifo vyao ni sawa na kumlaumu mkunga kwa ukame wa mwaka uliofuata. Wakati huo huo, na hapa nawapa wapinzani haki yao, takwimu hizo hizo zinathibitisha kiini cha hoja yao: bila samaki, ulezi wa mkono unazalisha ndege wa kwenda kufa njaa wakiwa na afya njema.

Kutokana na kiini hicho huzaliwa shutuma kwamba walezi wanawapa wavuvi wakubwa kisingizio, kwamba maadamu makinda wanaokolewa, nyavu zinaweza kuendelea. Ingekuwa hoja kali kama walezi wangebaki ndani ya uzio wao. Mwaka 2024 SANCCOB, pamoja na BirdLife South Africa, shirika la uhifadhi wa ndege, waliipeleka serikali mahakamani kwa madai kwamba maeneo yaliyofungwa kwa uvuvi kuzunguka makazi ya pengwini yalikuwa yamepangwa vibaya, na Machi 2025 mahakama ya Pretoria ikatoa amri, kwa makubaliano na wawakilishi wa wavuvi, ya kuweka mipaka bora ya kufungwa kwa uvuvi wa sadini na anchovi kuzunguka makazi sita. Nyavu zinazozuiwa ni zile kubwa za kuzungushia, jamaa za ringineti zinazogombanisha watu katika pwani yetu pia. Waliokuwa wakidharauliwa kama wauguzi wa ndege ndio waliokuwa walalamikaji.

Ulezi una faida moja ambayo ulinzi wa bahari hauwezi kuitoa peke yake, nayo ni kwamba kinda anaweza kupewa makazi mapya, ilhali pengwini mkubwa ni mgumu kuhamishika. Mwaka 2000 meli iitwayo Treasure ilipozama kati ya kisiwa cha Robben na Dassen na kumwaga mafuta, ndege 19,500 ambao hawakuwa wamechafuka walisafirishwa kwa magari hadi upande wa mashariki wa nchi ili wasiyakute mafuta, nao wakarudi kwa kuogelea kilomita mia kadhaa hadi kwao. Ilikuwa ndiyo nia ya waokoaji, lakini inaonyesha pia jinsi mkubwa alivyoishikilia kumbukumbu ya kwao. Kinda bado hajachagua kwao. Makinda zaidi ya 3,000 waliobaki yatima katika ajali hiyo walikusanywa wakalelewa, na uchunguzi wa baadaye haukuona kwamba walionusurika walizidiwa na wenzao waliolelewa na wazazi, kwa kuishi wala kwa kuzaa. Kwa msingi huo, tangu mwaka 2021 makinda waliolelewa kwa mkono wamekuwa wakiachiliwa De Hoop, kusini mwa nchi, karibu na mahali walikohamia samaki, ndani ya uzio wa kuzuia wanyama wala nyama, penye sanamu za pengwini na vipaza sauti vinavyotoa milio yao ili kuwavuta wengine.

Kwa wastani wa umri wa kuanza kuzaa uliopatikana kwa makinda wa 2006 na 2007, ambao ni miaka 3.7, wale wa kwanza wa De Hoop wamekwisha kufikia wakati wa kurudi kutafuta kiota. Nao wanaolelewa msimu huu watakuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia katika maji yaliyofungwa kwa amri ya mahakama. Ile namba ya 32 kwa 100 ilipimwa katika bahari ya njaa, na sioni kwa nini ichukuliwe kuwa hukumu ya mwisho juu ya mikono iliyowalisha.