Detour: Vera ni mwovu, au ndivyo asemavyo Al?

Detour, filamu ya Edgar G. Ulmer ya mwaka 1945, yote inasimuliwa na mtu mmoja: Al Roberts, mpiga piano anayetaka tuamini kwamba watu wawili wamemfia kwa bahati mbaya tu. Haskell, aliyempa lifti huko Arizona, eti alidondoka mlango wa gari ulipofunguliwa. Vera, mwanamke ambaye Al alimpa lifti baadaye, naye alinyongwa na waya wa simu ambao Al aliuvuta kutoka upande wa pili wa mlango, bila kujua umemzunguka shingoni.

Wanaomtia Vera hatiani hawakosi ushahidi. Ann Savage anamwigiza bila chembe ya ulaini. Anazinduka usingizini garini na papo hapo anamuuliza Al maiti kaiacha wapi. Tangu hapo amemshika pabaya: mara gari liuzwe, mara Al ajifanye Haskell ili arithi mali ya baba yake Haskell, tajiri anayekata roho. Mimi simtakasi.

Ila mwanamke hatari wa filamu za uhalifu za miaka ile kwa kawaida humvuta mwanamume hadi kwenye kosa, kama Phyllis wa filamu ya Double Indemnity mwaka mmoja kabla. Vera anakuta kosa limeshafanyika. Al tayari amevaa nguo za marehemu, ana pesa zake mfukoni na anaendesha gari lake. Tena Haskell alikuwa na alama za kucha mkononi, na aliyemparura ni huyohuyo Vera, pale Haskell alipompa lifti kabla ya Al. Kwa nini alijihami hivyo? Al analipita hilo upesi.

Wapo wanaodai kwamba hata kasoro za picha zimewekwa makusudi kuonyesha kuwa Al anadanganya. Hapo wamezidisha. PRC, iliyotengeneza filamu hii, ilikuwa studio fukara. Ukungu umetanda mtaani New York kwa sababu mtaa wenyewe haukujengwa. Katika baadhi ya picha za kuomba lifti, filamu imegeuzwa kama kwenye kioo, na magari yanapita kushoto. (Mtazamaji wa Dar es Salaam huenda asishtuke.)

Mwishoni polisi wanamchukua Al, maana kanuni za Hollywood za wakati ule hazikuruhusu muuaji aachwe huru. Hata hapo analaumu majaaliwa. Nguo za Haskell, je, majaaliwa ndiyo yaliyomvisha?