Gari la kifahari la dizeli linataka safari ndefu

Tangu Agosti 2023, gari la dizeli lisilofikia kiwango cha Euro 6, yaani kanuni ya Ulaya ya kupunguza moshi, hutozwa pauni 12.50 kwa kila siku linayotembea ndani ya London, na tozo hiyo sasa inafika hadi vitongoji vya pembeni. Mwenye Discovery au Range Rover Sport ya mwaka 2012 huko ana kila sababu ya kuiuza. Usukani wake uko kulia kama wetu, hivyo mnunuzi wa Dar es Salaam naye anavutika: viti vya ngozi, injini ya V6, bei ya kuzungumzika. Nadhani wengi wetu tunayapima magari haya kwa kipimo kisicho sahihi, tunaposifia na tunapolaumu.

Sifa zake ni za kweli. Chukua BMW X5 ya kizazi cha 2014 hadi 2018. Ile ya petroli, 35i, ina nguvu za farasi 306. Ya dizeli, 30d, ina 258. Ukiishia hapo utachagua petroli. Lakini nguvu ya kuvuta, inayopimwa kwa Nm, ni 400 kwenye petroli na 560 kwenye dizeli, na hizo 560 zinapatikana zote injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500 tu kwa dakika. Tofauti hiyo utaiona ukipanda mlima wa Kitonga na familia nzima, buti limejaa na kiyoyozi kimewashwa. Lori lililo mbele likikuachia njia, gari la dizeli linaondoka bila kupiga kelele na bila kuhangaika na gia. Kwenye mwendo wa barabara kuu, X5 hiyo hutumia takriban lita 8 kwa kilomita 100, na tangi lake ni la lita 85. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800; mtu anaweza kufika bila kuingia sheli. Kwa anayesafiri hivyo kila mwezi, sioni gari la petroli la ukubwa huo linaloshindana nayo.

Ila wanunuzi wengi hawaendi Mbeya. Wanatoka Tegeta kwenda Posta, saa nzima kwenye foleni, kisha wanazima injini. Hapo ndipo matatizo yanapoanza. Dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi, ambalo mafundi wanaliita DPF. Likijaa, gari hujaribu kuyachoma masizi hayo lenyewe kwa kupandisha joto hadi karibu nyuzi 600, na kazi hiyo inahitaji mwendo wa kutosha kwa dakika kadhaa mfululizo. Ukilizima katikati, kazi inakatika. Ikikatika mara nyingi, dizeli iliyonyunyizwa kwa ajili ya kuchomea inashuka kwenye oili na kuizimua, taa inawaka kwenye dashibodi na gari linapunguza nguvu.

Oili nayo ni habari nyingine. Masizi huungua, lakini majivu yatokanayo na oili hayaungui. Yanabaki ndani ya chujio. Ndiyo maana kitabu cha gari kinataja oili maalumu yenye majivu machache, nasi tunaweka oili ile ile ya malori kwa sababu ndiyo iliyoko dukani na ni nafuu.

Mafuta yenyewe yana mipaka yake. Nchi za Afrika Mashariki zilishusha kikomo cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hatua kubwa na nzuri. Ulaya, yalikosanifiwa magari haya, kikomo kimekuwa 10 tangu 2009. Na sisi tunakumbuka enzi za kuchakachua, dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, hadi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, ikaanza kuweka vinasaba (alama ya kutambulisha mafuta halali) mwaka 2010 na serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka uliofuata. Nozeli zinazonyunyizia dizeli kwenye injini kwa shinikizo la bar 1,800 hazisamehe uchafu.

Wapo watakaosema shida hizi ni za magari ya Wazungu, Toyota haina shida. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zaidi ya 260,000 zilizouzwa huko kati ya 2015 na 2020 zilikuwa na kasoro kwenye mfumo wa DPF. Sifa ya uimara tuliyoipata kwenye mashangingi ya zamani, zile Land Cruiser kubwa, ilitokana na injini zisizo na chujio hilo.

Suluhisho linalopendwa gereji ni kulitoa chujio na kuidanganya kompyuta ya gari. Namwelewa mwenye gari: chujio jipya lina bei ya kutisha, naye anataka kufika kazini. Lakini hapa siwezi kuwa katikati. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Uingereza, gari lililoondolewa chujio halipiti ukaguzi tangu 2014. Akiba anayoipata mwenye gari inalipwa na anayesubiri daladala nyuma yake, na mtu huyo hakuulizwa.

Kwa hiyo kama ratiba yako ina safari ndefu za mara kwa mara, fundi mwenye kompyuta ya kusoma gari na bajeti ya oili sahihi, nunua dizeli bila wasiwasi. Kama maisha yako ni Tegeta na Posta, tafuta petroli au haibridi (ya petroli na umeme), hata ikinywa zaidi. Na kabla ya kulipa, mwambie fundi apandishe gari juu aliangalie chujio kwa macho na asome kiasi cha masizi na majivu. Muuzaji akikwambia lilishatolewa, uliza bei ya jipya, uitoe yote kwenye bei yake. Akikataa, liache.