Nani atacheza saa kumi na moja jioni? Ubia wa viwanja kwenye maeneo ya wazi ya Dar

Halmashauri yoyote ya Dar es Salaam ikitaja tu kwamba inatafuta mbia wa kujenga viwanja vya michezo kwenye eneo la wazi, ubishi huanza siku hiyo hiyo. Wako wanaosema ardhi ya umma inauzwa kwa jina jingine. Wako wanaouliza hilo eneo la wazi lenyewe liko wapi, maana wanachokiona pale ni gereji, malori yaliyoegeshwa na baa ya mabati. Kila upande una hoja yake, ila nadhani wote wamekazania hati ya ardhi na kusahau jambo lililo karibu zaidi na mchezaji. Thamani ya kiwanja cha mtaani iko kwenye saa chache za jioni. Ardhi inaweza kubaki mali ya umma mpaka kiama, na jioni zake zikawa zimeshauzwa.

Mfano wa karibu uko Kidongo Chekundu, jirani na Mnazi Mmoja. Oktoba 2015, wiki chache kabla ya kuondoka Ikulu, Rais Jakaya Kikwete alifungua pale bustani ya michezo ya vijana iliyopewa jina lake, ambayo wengi tunaiita JMK Park. Ina uwanja wa mpira wa nyasi bandia, viwanja vya kikapu na sehemu ya hoki. Ilijengwa na Symbion Power, kampuni ya umeme ya Kimarekani, kwa kushirikiana na klabu ya Sunderland ya Uingereza. Kwa jiji ambalo vijana wake wamezoea kucheza kwenye vumbi huku wakikwepa chupa zilizovunjika, ile ilikuwa hatua kubwa, na anayebeza apite kwanza aone vijana wa kikapu.

Wanaotetea ubia wana hoja ninayoiona nzito kuliko wenyewe wanavyoijenga. Kwa kawaida huanza na fedha: halmashauri haina bajeti, mwekezaji anayo. Hiyo ni nusu ya ukweli. Halmashauri ikitaka inajenga. Kinondoni wana uwanja wao wa KMC, yaani wa manispaa yenyewe, pale Mwenge, na Simba na Yanga wamewahi kuutumia kwa mechi za ligi. Kujenga hakushindikani. Kinachowashinda wengi ni mwaka wa tatu, pale panapohitajika maji ya kumwagilia, mtu wa kufyeka, mlinzi wa usiku, na taa mpya badala ya iliyoungua. Matumizi hayo hayana utepe wa kukata, kwa hiyo hukatwa kwanza bajeti ikibana. Mbia anayeishi kwa kiingilio ana sababu ya kubadilisha taa kesho, kwani taa ikizimika na mapato yamezimika.

Hoja yao ya pili ni ya ulinzi. Kiwanja kitupu Dar es Salaam huliwa kidogo kidogo. Anaanza mtu wa matofali, anafuata fundi magari, halafu siku moja mnakuta mabati yamezungushiwa na kuna mtu ana karatasi zenye mihuri. Profesa Anna Tibaijuka alipokuwa Waziri wa Ardhi alipambana hadharani na wavamizi wa maeneo ya wazi, na hata baada ya vishindo vile uvamizi haukukoma. Uwanja uliojengwa, wenye magoli ya chuma na timu zinazoutegemea, ni mgumu zaidi kumegwa. Ukiugusa, unagusa makocha, maveterani na wazazi wa akademia kwa mpigo mmoja.

Tukubali basi kwamba ubia unaweza kuokoa eneo. Linabaki swali la nani limeokolewa kwa ajili yake.

Nenda kiwanja chochote cha mchangani saa kumi na moja jioni. Wakubwa wamechukua urefu wote wa kiwanja. Watoto wamechomeka kandambili nne kwenye kona ya kibendera na chandimu yao inaendelea, mpira wa wakubwa ukipita katikati yao bila mtu kulalamika. Mabinti wa netiboli wako nyuma ya goli. Pembeni gari lenye alama ya L linajifunza kurudi kinyumenyume, na mama wa mihogo ya kukaanga ameweka karai lake mahali ambapo mashuti hayafiki. Hakuna ratiba na hakuna risiti. Ni vurugu, na watu wa mipango hawaipendi, lakini ile saa moja imewahudumia watu wa rika zote bila mtu kuulizwa ana shilingi ngapi.

Sasa zungushia uzio, tandika zulia la nyasi bandia, weka mlinzi getini mwenye daftari. Saa ile ile inakuwa ya watu 14 waliolipa. Kwa vijana wa ofisini wanaochanga elfu tano tano kwa simu, hiyo ni nafuu kuliko bia. Kwa madogo wa darasa la sita, hata elfu moja kwa kichwa inazidi nauli yao ya siku mbili. Mabinti wa netiboli ndio hutoka mapema zaidi, kwa kuwa hakuna mwekezaji anayepiga mahesabu yake kwa netiboli. Mama wa mihogo anahamishiwa nje ya geti, halafu mgambo wanamfuata huko huko.

Na eneo la wazi halikuwa la mpira peke yake. Ukanda ule wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi na wakoloni ili Kariakoo ya Waafrika isigusane na mitaa ya Wahindi na Wazungu. Sababu ilikuwa mbaya, ila waliobaguliwa waliugeuza kuwa wao: TANU ilifanya mikutano pale, na hadi leo Mnazi Mmoja ni mahali pa sala za Idd na Maulidi. Kiwanja cha nyasi bandia hakivumilii mambo hayo. Huwezi kusimamisha turubai na majiko juu yake, na jua la saa saba likiwaka zulia linakuwa la moto kuliko nyasi za kawaida kiasi kwamba hata wachezaji wanalikimbia. Bibi mwenye goti bovu aliyekuwa akikaa chini ya mkungu hana kazi na kiwanja cha kikapu, na mkungu wenyewe ulikatwa kupisha kona.

Kesi inayonifanya nizungumze habari ya saa badala ya ekari ilitokea New York. Kwenye kisiwa cha Randall's Island, ambacho ni bustani ya umma iliyo jirani na vitongoji vya East Harlem na South Bronx, jiji lilikuwa linajenga viwanja zaidi ya 60. Mwaka 2007 liliingia makubaliano na shule binafsi 20 za Manhattan: shule zingechangia zaidi ya dola milioni 2 kila mwaka kwa miaka 20, nazo zingepewa kipaumbele kwenye takriban theluthi mbili ya viwanja, siku za masomo, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni. Ukitazama kwa juu juu hakuna kilichouzwa. Ardhi ilibaki ya jiji, na asubuhi, usiku na wikiendi vilibaki vya wote. Ila mtoto wa shule hachezi saa nne asubuhi. Wazazi wa vitongoji vile waliliona hilo haraka, wakaenda mahakamani, na mwaka 2008 mahakama ikatengua makubaliano kwa sababu jiji halikuyapitisha kwenye utaratibu wake wa kuwasikiliza wakazi kuhusu matumizi ya ardhi.

Hakimu hakusema shule binafsi zisichangie. Alisema jambo la uzito ule halimalizwi mezani kati ya ofisa na mlipaji. Kwetu, Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi, Sura ya 103, kwa kawaida inadai upembuzi yakinifu na ushindani wa wazabuni, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ina utaratibu wake wa kubadili matumizi ya ardhi. Mwanya uko hapo hapo: mwenye mradi atasema matumizi hayajabadilika, lilikuwa eneo la burudani na bado ni eneo la burudani. Kwenye karatasi yuko sahihi. Ndiyo maana ningetaka mkutano wa mtaa uoneshwe ratiba ya wiki nzima, saa kwa saa, kabla ya kuoneshwa ile michoro ya rangi yenye watoto wanaocheka.

Ratiba hiyo inaweza kupangwa ikawaridhisha mbia na mtaa, na hapa ndipo naachana na wanaopinga kila ubia. Dar giza linaingia karibu saa moja kasoro mwaka mzima. Kiwanja kisicho na taa kina saa mbili na nusu tu za jioni, sawa na saa 17 na nusu kwa wiki, na kila mtu anazigombea. Mbia akileta taa, anaongeza saa ambazo hazikuwepo: saa moja usiku hadi saa nne, wakati madogo wako nyumbani na watu wa ofisini ndiyo kwanza wametoka kwenye foleni. Auze hizo. Aziuze bei anayotaka. Saa kumi hadi saa kumi na mbili na nusu zibaki bure kwa mtaa, netiboli iwe na siku zake zilizoandikwa, na geti liwe wazi. Nyasi asilia hazihimili mpango huu, zikichezewa zaidi ya saa 20 hivi kwa wiki zinaanza kukatika. Nyasi bandia zinahimili. Kwa hiyo zulia, ambalo binafsi silipendi, ndilo linalowezesha mgawanyo huo.

Tatizo linalobaki ni muda. Tazama wabia wa Kidongo Chekundu. Sunderland walishuka kutoka Ligi Kuu ya England mwaka 2017, na mwaka uliofuata wakashuka tena hadi daraja la tatu. Symbion waliingia kwenye mgogoro na TANESCO kuhusu mkataba wa umeme, ambao ulikuja kumalizwa kwa makubaliano mwaka 2021. Hakuna kati ya hayo lililohusu mpira wa watoto wa Ilala, lakini uwanja unaobebwa na hisani ya mtu unabebwa pia na misukosuko yake. Mbia anayetafuta faida naye ana hila yake. Zulia linakaa miaka minane hadi kumi kisha linabadilishwa, na kubadilisha ni gharama. Kwenye mkataba wa miaka 20, atatandika la kwanza kwa furaha na la pili kwa manung'uniko. Likianza kuchanika mwaka wa 17 ataliziba viraka, kwa sababu miaka mitatu haitoshi kurudisha hela ya la tatu, na halmashauri itakabidhiwa zulia lililokufa na deni la kuliondoa.

Mimi ningesaini miaka kumi, ya zulia moja, na sehemu ya mapato ya usiku iingie tangu mwezi wa kwanza kwenye akaunti ambayo si mbia wala mkurugenzi anayeweza kuigusa kwa kazi nyingine. Mwekezaji atasema miaka kumi ni michache. Basi na aoneshe mahesabu yake ya saa za usiku mbele ya mkutano wa mtaa, maana hapo ndipo itajulikana kama saa hizo hazimtoshi kweli, au alikuwa amezipigia hesabu na zile za saa kumi na moja.