Miswada ya Mlimani inahitaji wasomaji

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipofunguliwa Novemba 2018, lililosemwa zaidi lilikuwa jengo: ukubwa wake, msaada wa China, nafasi ya vitabu 800,000. Nililifurahia na bado nalifurahia. Aliyesoma Mlimani, kama tunavyokiita chuo hicho, anajua adha ya kutafuta kiti maktabani msimu wa mitihani.

Lakini hazina ninayoithamini kuliko zote pale haidai nafasi kubwa. Ni miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ambayo sehemu yake kubwa ilikusanywa na mtaalamu Mwingereza wa Kiswahili, J.W.T. Allen, miaka ya 1960, pamoja na kanda za sauti. Orodha yake ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Humo mna tenzi za pwani zilizotungwa na kunakiliwa na watu wetu wenyewe, kizazi hadi kizazi, kabla mtoto wa Kiswahili hajafundishwa kuandika lugha yake kwa herufi za Kilatini.

Kila miswada hii inapotajwa, mazungumzo huishia kwenye skana. Ni kweli, ipigwe picha zote na ziwekwe mtandaoni. Moto ulioteketeza chumba cha kusomea cha Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Aprili 2021, ulituonyesha hatari ya kuchelewa. Ila picha ya ukurasa usioweza kuusoma inakusaidia nini?

Hati hizi si rahisi. Mtu aliyezoea Kiarabu akizitazama atazitamka, asiambulie maana. Katika mwandiko wa zamani herufi moja ya “be” hubeba sauti za b, p na mb, kwa hiyo “bata”, “pata” na “mbata” huandikwa sawasawa. Irabu i na e hugawana kasra, alama ya chini ya herufi. U na o hugawana dhamma, alama ya juu yake. Msomaji huamua kwa kuijua lugha, lahaja yake na mizani ya utenzi. Hakuna mashine iliyozaliwa Pate au Siyu, miji ya kale ya Waswahili karibu na Lamu.

Ndiyo maana namkumbuka Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, tunayofundisha leo yalihifadhiwa kwa sababu yeye aliyakusanya na kumfafanulia mmisionari W.E. Taylor, mwishoni mwa karne ya 19. Karatasi za Taylor ziko katika chuo cha SOAS, London. Zingekuwa na faida gani bila maelezo ya Sikujua?

Leo si ajabu kumkuta mhitimu wa shahada ya Kiswahili asiyeweza kusoma hata ubeti mmoja wa hati hizo. Naliona hilo kama pengo kubwa katika elimu yetu, tena la kujitakia, kwani Mlimani pamejaa vijana waliopita madrasa. Wanafunzi wa uhandisi, sheria na biashara wanazijua herufi zile tangu utotoni. Wanachokosa ni mtu wa kuwaonyesha kwamba babu zao walizitumia kuandika Kiswahili.

Ninachotaka ni somo la lazima kwa kila anayesomea Kiswahili, na la hiari kwa wengine, lifundishwe maktabani, miswada ikiwa mezani. Kila mwanafunzi apewe kurasa chache azinukuu kwa herufi za Kilatini, mwalimu azisahihishe, na kazi iliyokamilika iingizwe katika katalogi kwa jina lake. Baada ya miaka michache maktaba itakuwa na matini yanayosomeka na watu wanaoweza kuyahakiki.

Walimu wapo Lamu, Unguja na Tanga, ingawa wengi wao ni wazee. Kigezo cha kuwaajiri kisiwe cheti. Aliyejifunza hati kwa babu yake apimwe kwa kusoma, akifaulu apewe darasa na mshahara kamili kama mhadhiri mwingine. Nchi iliyopata jengo zima haiwezi kushindwa na mishahara ya watu wawili watatu.