Lilikuwa Puto, Halikuwa Bomu

Kwa kuwa rafiki yangu ameshawasimulia nusu yenu kwamba nimelipua jiko, na sasa amefikia hatua ya kuuigiza mlio wenyewe kwa mdomo, naona heri niseme mwenyewe kilichotokea jana kabla hajaongeza chumvi nyingine. Hapakuwa na bomu. Lilikuwa puto.

Mnajua kwamba nimeanza kupika bia nyumbani, lita nne kwa mkupuo, kwa sababu sufuria yangu haizidi hapo na mfuko wangu haufiki hata hapo. Wenye uwezo hufunika chombo cha kuchachushia kwa kifuniko chenye maji ndani, kinachotoa gesi bila kuingiza hewa. Sisi wengine huuvisha mdomo wa dumu puto lililotobolewa kwa sindano. Hila hiyo hufanya kazi vizuri kabisa, mradi fundi asiwe mimi.

Dumu langu ni la lita 5, nami nikaona nafasi ya juu inapotea bure, kwa hiyo safari hii nikalijaza hadi karibu na shingo. Pakiti ya hamira ya gramu 11 hutosha takriban lita 20, lakini kiasi kilichobaki ningekiweka wapi? Nikaimimina yote. Kisha, kwa kuhofia hamira isije ikashikwa na baridi kama mtoto mchanga, nikaliweka dumu kando ya jiko, ingawa niliwahi kuwaandikia hapa hapa kwamba nyuzi 20 za Selsiasi zinatosha. Msihangaike kulitafuta andiko hilo, nimeshalifuta.

Rafiki yangu aliingia akiwa amevaa shati jeupe, akalisogelea dumu, akainama. Povu la kahawia lilikuwa limepanda hadi ndani ya puto, limebeba mabaki ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu wake, mfano wa majani ya chai, na kipande kimoja cha kijani kilikuwa kimekwama sawasawa kwenye tundu la sindano. Puto nililolivisha likiwa jekundu sasa lilikuwa la waridi, limevimba kiasi kwamba niliweza kuliona dirisha kupitia ndani yake.

“Hiki kitu kinapumua?” akauliza.

Nikamjibu, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa kiwandani, kwamba hiyo ndiyo dalili ya hamira yenye afya. Wakati naendelea kumsomesha, nikauona ukingo wa puto ukipanda kwenye shingo ya dumu, milimita moja, ukatulia, kisha milimita nyingine. Mwenye akili angemwambia mwenzake asogee. Mimi nilinyoosha kidole niurudishe chini taratibu, na kidole kilicholowa povu, naomba mnisikilize vizuri, hakishiki kitu. Puto lilichomoka likapita kando ya sikio lake likipiga mluzi, likagonga dari, na kabla halijarudi chini bia ikawa imelifuata. Ilikwenda juu, ikatawanyika, ikashuka bila haraka yoyote. Jani moja la hopsi lilitua juu ya nyusi yake ya kushoto likakaa hapo kana kwamba limealikwa.

Hakujipangusa. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole ulioniumiza kuliko tusi: “Bwana, mimi nilikuja kuazima ngazi.”

Ngazi tuliitumia wote wawili kusugulia dari. Bia iliyobaki, kama lita tatu na nusu, nimeihamishia mbali na jiko, na badala ya puto nimechomeka mpira mnene ambao ncha yake ya pili imezama kwenye bakuli la maji, nao unatoa mapovu kwa adabu tangu jana jioni. Ngazi ameondoka nayo, na ameapa kwamba hairudishi mpaka apate chupa mbili pamoja na shati lake, ambalo nimelifua mara tatu na bado linanuka mkate.