Mkonge kwanza au thermodainamiki kwanza? Kupanga masomo ya uhandisi wa materiali

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kijana wa Tanga mwenye PCM nzuri (fizikia, kemia na hisabati) akasema anataka kusomea sayansi na uhandisi wa materiali, swali la kwanza nyumbani ni moja: utafanya kazi wapi? Ni swali la haki. Fani hii inahusu metali, saruji, vioo, plastiki na nyuzi, na jinsi muundo wa ndani wa kitu unavyoamua uimara wake. Mkoa wetu una karibu vyote hivyo. Saruji ipo Pongwe, mkonge upo kuanzia Muheza hadi Korogwe, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda linaishia rasi ya Chongoleani. Ndiyo maana wengi humshauri achague kimoja mapema, na kila kozi ya hiari atakayopewa chuoni aielekeze huko. Wengine wanamwambia asikimbilie: abebe kwanza hisabati, fizikia, kemia na thermodainamiki, yaani elimu ya joto na nishati; jina la kiwanda litakuja baadaye.

Mimi niko na hawa wa pili, lakini si kwa asilimia mia, kwa sababu hoja ya wale wa kwanza haipewi uzito inaostahili.

Tuanze na fedha. Mtoto anayesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo hana nafasi ya kujaribu jaribu. Muhula wa ziada ni kodi ya chumba na chakula ambavyo nyumbani hawakuvipangia. Akimaliza na cheti kilichojaa nadharia, akakutana na mwajiri anayetaka mtu wa kukagua maungio ya mabomba au kusoma majibu ya mchemraba wa zege uliovunjwa baada ya siku 28, atapitwa na aliyewahi kuyashika hayo kwa mikono. Kuna jambo jingine pia ambalo nadharia tupu hailitibu: hamu ya kusoma. Mwaka wa kwanza na wa pili ndiyo miaka ya sapu (mitihani ya marudio) na ya kukeri masomo (kuyabeba hadi mwaka unaofuata), na mwanafunzi ambaye hajawahi kuona kalkulasi ikitumika kwenye kitu chochote huanza kusoma ili afaulu tu. Aliyeingia chuoni na swali lake mwenyewe, tuseme kwa nini singa (nyuzi) za mkonge hazishikamani vizuri na plastiki, ana sababu ya kukesha.

Hapo nakubaliana nao. Ninapotofautiana nao ni pale wanapodhani kiwanda kitamsubiri. Historia ya Tanga yenyewe inakataa. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 1,000 ikasafirishwa kutoka Florida na 62 tu ikafika hai. Kutokana na hiyo 62 ukajengeka uchumi wa mkoa mzima. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takribani tani 230,000. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, 1963, Tuzo ya Nobel ya kemia ilikuwa imekwenda kwa Karl Ziegler na Giulio Natta kwa kazi yao ya kutengeneza polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli, ikiwemo polipropilini, ile plastiki ambayo leo ndiyo kamba za manila na magunia ya sandarusi. Kamba ya plastiki ilikuwa nyepesi, haiozi, na bei yake ilishuka mwaka hadi mwaka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 mkonge wetu ulikuwa umebaki karibu moja ya kumi ya ule wa 1964. Kutaifishwa kwa mashamba baada ya 1967 na matatizo ya uendeshaji yalichangia, hilo halina ubishi. Hata hivyo soko la dunia lilikuwa linaondoka kwa sababu materiali mpya ilikuwa imeingia.

Sasa mfikirie mtu aliyesoma mwaka ule wa 1964 na kujifunza kuendesha korona, ile mashine ya kutoa singa kwenye majani ya mkonge, na kupanga madaraja ya singa, basi. Miaka kumi baadaye ujuzi wake ulikuwa unapungua thamani pamoja na zao. Mwenzake aliyeelewa kwa nini minyororo mirefu ya molekuli ikijipanga sambamba huipa kamba nguvu angeweza kuhamia kwenye plastiki, kisha kurudi kwenye mkonge siku dunia ilipoanza kuchoshwa na plastiki. Na siku hiyo imefika. Leo singa zinatafutwa kwa ajili ya kuimarisha plastiki, vibao na hata plasta. Ukitaka kuchanganya singa na polipropilini, plastiki inayeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi, na singa zinaanza kuungua na kupoteza nguvu karibu na 200. Nafasi ya kufanyia kazi ni hiyo finyu iliyo katikati. Juu ya hapo, singa zinapenda maji na polipropilini inayakataa, kwa hiyo usipozisafisha kwanza, kwa mfano kwa magadi makali ya sodiamu, zinachomoka kwenye plastiki kirahisi. Hakuna kozi inayoitwa Mkonge itakayomfundisha kijana haya yote. Yamo ndani ya kemia ya nyuso, polima, thermodainamiki na mekanika.

Mfano wa Pongwe unaonyesha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Klinka, yale madonge yanayosagwa kuwa saruji, inachomwa kwenye tanuri mpaka karibu nyuzijoto 1,450. Ikitoka, inapulizwa hewa ipoe haraka. Kwa nini haraka? Kwa sababu ile sehemu inayoipa saruji nguvu ya siku za mwanzo, silikati yenye kalsiamu nyingi, haipendi kubaki ilivyo chini ya nyuzijoto 1,250 hivi. Ukiipoza polepole inaanza kuvunjika na kuacha chokaa huru ndani yake. Ukiipoza upesi, inakosa muda wa kubadilika. Fundi wa chuma anayelizamisha panga la moto ndani ya maji anafanya jambo la jamii hiyohiyo: chuma kilichokuwa juu ya nyuzijoto 727 kinanyimwa muda wa kugeuka taratibu, kinabaki kigumu. Somo linaloeleza yote mawili ni moja, mageuzi ya awamu, yaani jinsi kitu kinavyobadili muundo wake wa ndani kinapopashwa au kupozwa, na huwezi kulielewa bila thermodainamiki iliyotangulia. Mwanafunzi aliyelisoma vizuri anaweza kuingia kiwanda cha saruji Jumatatu na cha nondo Jumanne, akajua aulize nini.

Kwa hiyo kwenye ratiba, kinachonishughulisha zaidi ni mpangilio wa kozi, kwa sababu zinashikana. Kalkulasi na kemia ya jumla zikichelewa, thermodainamiki inachelewa. Ikichelewa hiyo, mageuzi ya awamu yanasogea mwaka wa nne, na kozi za metali au seramiki zinazoyategemea zinakuwa za kubahatisha. Vyuo vingi hufundisha kozi kama hizi mara moja tu kwa mwaka, hivyo kufeli moja ni kusubiri mwaka mzima. Mwaka wa pili ndio shingo ya shahada hii. Ningemshauri mwanafunzi asiujaze kozi za hiari hata kama ratiba inaruhusu, aupe thermodainamiki, muundo wa fuwele (mpangilio wa atomi ndani ya kitu kigumu) na mekanika muda wake wote, na takwimu kama inapatikana, kwa sababu kipimo cha maabara bila takwimu hakisemi kitu.

Programu za kompyuta asiziache. Kozi moja ya mwanzo inatosha kumfungua, mengine atajifunza akiwa na data mkononi.

Kwenye kozi za hiari za mwaka wa tatu na wa nne ndipo ninapowapa nafasi wale wa upande wa kwanza, tena nafasi kubwa. Hapo achague kwa kuangalia nyumbani. Na kama angeniuliza achukue ipi ya kwanza, ningemwambia kutu. Katika programu nyingi somo la kutu ni la hiari. Kwa mtu wa pwani lingekuwa la lazima. Tazama nguzo na vibaraza vya nyumba zilizo karibu na bahari hapa mjini. Utaona ufa umenyooka kufuata nondo, doa la kahawia chini yake, kisha zege linamomonyoka na chuma kinaonekana. Zege zima ni kali kama magadi, na ukali huo huivika nondo ngozi nyembamba inayoilinda. Chumvi ya bahari ikipenya hadi ndani inaitoboa ngozi hiyo, kutu inaanza, na kwa kuwa kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotokana nacho, inalipasua zege kutoka ndani. Mhandisi anayelijua hili atauliza maji na mchanga wa kuchanganyia zege vimetoka wapi, na nondo imefunikwa kwa unene gani, kabla hajauliza aina ya saruji. Na elimu hiyohiyo ndiyo inayohitajika Chongoleani, ambako chuma cha bomba kinafukiwa ardhini na inabidi mafuta yasafirishwe yakiwa ya moto yasije yakaganda.

Mradi wa mwaka wa mwisho nao uwe wa hapa. Hapo kubobea hakuna hasara, misingi imeshawekwa. Mwanafunzi aliyeko Dar es Salaam kwenye shahada ya metalojia na uchakataji wa madini, au aliyeko nje kwa ufadhili, anaweza kubeba kilo chache za singa au vipande vya zege lililopasuka kutoka nyumbani akavifanyia kazi maabara. Akitaka kuendelea, Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha inafundisha fani hii kwa ngazi za juu, na mradi wa namna hiyo ni barua ya utambulisho nzuri kuliko orodha ya kozi.

Kabla ya wiki ya usajili, amwone mshauri wake wa kitaaluma akiwa na maswali mawili yaliyoandikwa: ni kozi zipi za hiari zilizomo kwenye kitabu cha chuo lakini mwaka jana hazikufundishwa, na mwenye shahada hiyo husajiliwa katika fani gani na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. La pili aliulize mwaka wa kwanza, wakati bado anaweza kubadilisha programu, na jibu alipate pia kutoka kwa Bodi yenyewe.