Pikipiki Iliyolala Muda Mrefu Haiamshwi kwa Kiki

Nimeliona jambo hili mara nyingi mno, na leo naliandika. Mtu anaifunua pikipiki iliyokaa chini ya turubai mwaka mzima, anafuta vumbi kwenye kiti, anafungua swichi, na papo hapo anaanza kupiga kiki. Ya kwanza, ya kumi, ya thelathini. Mguu ukichoka anaita watu wasukume. Wakichoka nao, anaitwa fundi, na fundi akifika anaanza na kiki.

Madhara mengi niliyowahi kuyaona kwenye pikipiki za namna hii yalitokea siku ya kuziamsha. Injini ikisimama kwa miezi, oili iliyokuwa imepaka kuta za silinda huteremka karibu yote chini. Ringi za pistoni zinabaki zimegusana na chuma kikavu, na mahali penye unyevu hujengeka utando mwembamba wa kutu. Kiki yako ya kwanza inavuta ringi hizo juu ya ukavu huo. Ukisukuma pikipiki kwa gia huku ringi zimeshika, umelazimisha chuma kipambane na chuma.

Kwa hiyo mimi kitu cha kwanza kushika ni spana ya plagi. Fungua plagi, mimina oili safi kama kijiko kimoja cha chai kwenye tundu lake, kisha iache ikae, ikiwezekana usiku kucha. Kesho yake, plagi ikiwa bado nje, weka gia ya juu na uzungushe tairi la nyuma taratibu kwa mkono. Utasikia pistoni ikipanda na kushuka. Ikizunguka laini, umepata habari njema kuliko zote. Ikikataa, usitumie nguvu: ongeza oili kidogo na uipe siku nyingine.

Ukimaliza hapo, nenda kwenye mafuta, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo pikipiki nyingi zilizolala zinapokwama. Petroli haikai milele. Sehemu yake nyepesi, ile inayowaka kwa urahisi injini ikiwa baridi, huruka hewani kwanza. Inayobaki huungana na oksijeni na kugeuka polepole kuwa gundi. Ndani ya miezi mitatu hadi sita tayari imeshapungua nguvu, na ile kidogo iliyobaki kwenye bakuli la kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, huharibika mapema zaidi kwa sababu bakuli lina tundu la kupumulia. Petroli iliyochanganywa na ethanoli ina tatizo la ziada: hufyonza unyevu, na maji yakizidi hujitenga na kukaa chini ya tanki, pale pale koki inapochota.

Chukua chupa safi inayoonyesha ndani, fungua mpira wa mafuta, umwage kiasi, uache utulie. Maji yakiwemo utayaona yamelala chini yakiwa na mpaka wake. Kisha nusa. Petroli mpya inachoma pua kwa ukali wake, ila iliyooza inanuka kama rangi ya mbao iliyosahaulika kwenye kopo. Ukishaipata harufu hiyo mara moja hutaisahau. Ukiikuta, mwaga tanki lote. Watu wanaichanganya na mafuta mapya ili isipotee, na mimi napinga kabisa, kwa sababu uchafu huo ndio utakaoziba tena kile utakachokwenda kukisafisha.

Hilo nalijua kwa gharama. Pikipiki yangu ya kabureta ilikaa miezi 14. Nilipoirudia iligoma, na fundi niliyemwita aliitazama kwa dakika chache akasema kabureta imekufa, tununue nyingine. Nilinunua. Iliwaka, nikafurahi, na siku ya tatu ikagoma tena vile vile. Hakuna aliyekuwa amegusa tanki. Kabureta mpya ilinyweshwa mafuta yale yale, na gundi ile ile ikaingia kwenye jeti, vile vitundu vyembamba vinavyopima mafuta.

Jioni hiyo nilichukua ile ya zamani, iliyosemwa imekufa, nikafungua bakuli lake. Chini kulikuwa na utando wa hudhurungi unaonata kidoleni. Nikaitoa jeti ndogo, ile inayolisha injini inaponguruma polepole kabla hujavuta mafuta. Ni kijiti cha shaba chenye tundu lisilofika hata nusu milimita. Niliinua kuelekea kwenye taa, nikaifumbia jicho moja. Giza. Niliiloweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, nikapuliza kwa upepo wa pampu, nikarudia, nikarudia tena. Kisha nikaiinua tena, na safari hii kukawa na nukta moja ya mwanga, ndogo kama ncha ya sindano na ya duara kamili. Tatizo lote lilikuwa hapo. Niliosha tanki, nikaweka mafuta mapya, nikairudisha kabureta ya zamani, na ndiyo inayofanya kazi hadi leo.

Dalili ya jeti hiyo kuziba ni rahisi kuitambua: pikipiki inawaka ukivuta choki, na ukiirudisha choki tu inazima. Ukiona hivyo, fungua kabureta kabla hujanunua chochote. Na tafadhali usiitoboe jeti kwa waya wa chuma. Shaba ni laini, waya unapanua tundu, na toka hapo pikipiki itakunywa mafuta kupita kipimo chake bila wewe kujua kwa nini. Unywele wa brashi ya nailoni unatosha.

Wenye pikipiki zinazoingiza mafuta kwa kompyuta hawana jeti za kuzibua, ila wana pampu ndani ya tanki. Fungua swichi bila kuwasha, usikilize. Pampu nzima hunguruma sekunde mbili hivi kisha hunyamaza. Ukimya kabisa maana yake ni fyuzi, waya, betri, au pampu iliyoganda kwa mafuta mabovu.

Betri yenyewe sitaisemea sana, kwa kuwa ndiyo kitu ambacho kila mtu hukikumbuka. Ya asidi ya volti 12 iliyojaa husoma kati ya 12.6 na 12.8 ikiwa imetulia. Chini ya 12.4 inahitaji chaji, na ikikaa miezi chini ya 12 sahani zake hushikwa na ukoko ambao mara nyingi hautoki tena. Taa kuwaka si ushahidi kwamba betri ni nzima, maana taa hula umeme kidogo na selfu, mota ya kuwashia injini, hula mwingi. Ukibonyeza ukasikia tik-tik-tik, acha kubonyeza, kaichaji taratibu. Ya saa-ampea 5 ichajiwe kwa nusu ampea hivi, si kwa chaja kubwa ya gari.

Sasa weka plagi, jaribu kuwasha mara chache, kisha uitoe tena uitazame. Nashangaa wachache wanaofanya hivi, ilhali hakuna kipimo kinachosema ukweli haraka kiasi hiki. Ikitoka kavu, mafuta hayafiki: rudi kwenye koki, mpira, jeti, au mfuniko wa tanki ambao tundu lake la hewa limezibwa na vumbi. Ikitoka imelowa, mafuta yanafika ila hayawaki, basi tafuta moto. Ivalishe kofia yake, egemeza chuma chake kwenye injini mbali na tundu lake, ziba tundu hilo kwa kitambaa kwa sababu mvuke wa petroli unatoka pale, kisha mtu apige kiki. Unataka cheche ya buluu yenye mlio. Ikiwa hafifu na ya njano, au hakuna kabisa, badilisha plagi kwanza. Kisha angalia swichi nyekundu ya kuzimia, ya klachi na ya stendi ya pembeni. Hizi hushika kutu zikikaa, na zinaweza kukukatia moto huku wewe ukiilaumu koili inayotengeneza cheche.

Usisahau panya. Hutengeneza kiota ndani ya kasha la chujio la hewa na kutafuna nyaya chini ya kiti. Nyigu nao hujenga kwenye bomba la moshi. Injini isiyovuta hewa au isiyotoa moshi haiwaki hata ikiwa na kila kitu kingine.

Kabla ya kuwasha mara ya mwisho, chomoa kijiti cha oili ukinuse. Sindano ya kabureta, ile inayofunga mafuta bakuli likijaa, ikikwama wazi, petroli huteremka hadi kwenye injini, kipimo cha oili hupanda juu ya alama na harufu yake hubadilika. Oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi mno kulinda chochote. Imwage, weka mpya, na usidanganyike kwamba itaungua yenyewe.

Ikiwaka, itatoa moshi mweupe wenye buluu kwa dakika kadhaa, nayo ni ile oili uliyoimimina kwenye silinda. Usiivutie mafuta kwa nguvu. Iache ingurume polepole hadi ipate joto, uizime, na umwage oili ikiwa bado ya moto ili ibebe uchafu, uweke mpya. Kisha, kabla hujapanda, inua tairi la mbele na ulizungushe kwa mkono. Breki zilizolala hushika pia, na pistoni ya kaliper (kibanio cha breki ya diski) iliyoganda hutaijua kwa kusikiliza injini. Bonyeza, achia, zungusha tena. Tairi likikataa kuzunguka baada ya kuachia, kazi bado haijaisha, hata kama injini inanguruma vizuri.